Senti za tundu: jinsi ya kuanza mkusanyo wako na kuukuza bila kutapeliwa

Anayetaka kukusanya sarafu za zamani za Afrika Mashariki kwa kawaida hukimbilia rupia ya Mjerumani. Ushauri wangu ni kuiacha kwanza. Rupia ni ghali, ina wapambe wengi na hadithi nyingi za uongo, na zilizoghushiwa zipo. Anza na senti za tundu, zile za rangi ya shaba zilizotumika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kabla ya kila nchi kuanza kutoa sarafu zake mwaka 1966. Zilitengenezwa kwa mamilioni, bado zimejaa kwenye makopo ya wazee, na nyingi hazina thamani ya kumshawishi mtu aghushi. Mwanafunzi anaweza kuzimudu.

Wamarekani wana senti yao ya Lincoln yenye masuke mawili ya ngano mgongoni, iliyotengenezwa kuanzia 1909 hadi 1958. Vizazi vya watoto wao vimejifunzia ukusanyaji hapo: mwaka baada ya mwaka, herufi baada ya herufi, kila sarafu na nafasi yake kwenye kadi. Utaratibu huohuo unaifaa senti ya tundu vizuri sana, kwa sababu nayo ina miaka mingi, ina herufi za viwanda vilivyoitengeneza, na ilikuwa pesa ya mtu wa kawaida.

Kwanza, ijue familia yenyewe

Sarafu hizi zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwishoni mwa 1919 na kuendeshwa kutoka London. Mwanzoni Bodi ilijaribu florini badala ya rupia, kisha mwaka 1921 ikaachana nayo na kuleta shilingi ya senti mia. Zanzibar ilijiunga 1936. Baadaye sarafu hizi zilitumika pia Aden na Somalia, ndiyo maana hadi leo unaweza kuzikuta kwenye masanduku ya familia za huko.

Zenye tundu ni tatu. Senti moja ina upana wa karibu milimita 20. Senti tano, ambayo wazee wengi wa Kenya wataiita ndururu, ni karibu milimita 25. Senti kumi, waliyoiita peni, inazidi kidogo milimita 30 na ukiishika unausikia uzito wake. Upande mmoja utaona pembe za ndovu zilizojikunja kulizunguka tundu. Upande mwingine kuna thamani kwa maneno ya Kiingereza na jina la mtawala. Picha ya mtawala haipo, maana tundu limekaa pale ambapo kichwa chake kingekaa. Sumuni na shilingi hazina tundu. Hizo zina simba na milima nyuma yake, na ziache kwa sasa.

Jina la mtawala ndilo litakalokuongoza, kwa hiyo zoea kulisoma hata likiwa limefifia:

- GEORGIVS V REX ET IND: IMP: ni George wa Tano, mfalme na kaizari wa India. Senti tano na kumi za brons (shaba iliyochanganywa na madini mengine machache) zinaanzia 1921, senti moja 1922.
- EDWARDVS VIII ni Edward wa Nane, mwaka 1936 peke yake, kwenye senti tano na senti kumi tu.
- GEORGIVS VI pamoja na IND: IMP: ni George wa Sita kabla India haijapata uhuru.
- GEORGIVS SEXTVS REX ni George huyohuyo baada ya India kuondoka mikononi mwake. Maneno haya yapo kwenye senti za kuanzia 1949 hadi 1952.
- QUEEN ELIZABETH THE SECOND ni za miaka ya hamsini na mwanzo wa sitini.
- Za 1964 hazina jina la mtawala yeyote. Tanganyika, Uganda na Kenya zilikuwa tayari huru, lakini Bodi ilikuwa bado inatoa sarafu. Utazipata kwenye senti tano na kumi.

Ukifungua jedwali utaona hesabu inakamilika vizuri: aina nne za senti moja, sita za senti tano, sita za senti kumi. Jumla 16.

Chagua lengo kabla ya kununua chochote

Hizo 16 ndizo lengo la kwanza, na kwa watu wengi zinatosha. Utazitafuta kwa muda, utajifunza kusoma sarafu, na mwisho utakuwa na kitu kinachokaa kwenye ukurasa mmoja na kusimulia miaka arobaini na zaidi ya utawala wa kikoloni kuanzia kilele chake hadi kuondoka.

Lengo la pili ni miaka yote ya thamani moja. Mimi nashauri senti kumi, kwa sababu ukubwa wake unarahisisha kusoma herufi, na pia inaanza na kuisha vizuri. Elizabeth, kwa mfano, ana mwaka mmoja tu kwenye senti kumi, 1956.

Lengo la tatu ni miaka yote na herufi zote za viwanda. Hapo ndipo raha ilipo, na ndipo uvumilivu unapopimwa. Karibu na mwaka tafuta herufi ndogo kwa kioo cha kukuza. Kile anachotumia fundi saa au sonara kinatosha. H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham. KN ni King's Norton, nacho cha Birmingham. I ni Bombay, na SA ni Pretoria. Hivi viwili viliingia wakati wa Vita Kuu ya Pili, meli kutoka Uingereza zilipokuwa shida na bahari imejaa hatari. Sarafu isiyo na herufi ilitoka kiwanda cha kifalme cha London. Mwaka mmoja unaweza kuwa na sarafu tatu tofauti kwa namna hii, na muuzaji asiyejua atakuuzia zote kwa bei moja.

Usichanganye malengo. Mtu anayenunua kila kinachong'aa anaishia na mfuko wa vyuma usio na mwanzo wala mwisho, na baada ya mwaka hamu inakwisha.

Kutafuta: anza nyumbani, malizia dukani

Chanzo bora ni wazee wa ukoo wako. Lakini nenda kwa adabu na nenda taratibu. Siku hizi ukimuuliza mzee habari za sarafu za kale, wazo la kwanza linalomjia ni wale wanaozunguka vijijini wakitafuta "rupia", na pengine anadhani umetumwa. Msalimie, kaa, zungumzeni mengine. Kisha uliza kuhusu maisha badala ya mali: "Shikamoo bibi. Hivi zamani ndururu ilikuwa inanunua nini?" Akianza kusimulia, mara nyingi mwenyewe atasema ngoja nikuonyeshe. Asipotaka kuiachia, usimsumbue. Omba kuipiga picha pande zote mbili na kuandika alichosema. Habari ile ina thamani kwako kuliko sarafu ya pili ya mwaka uleule.

Baada ya hapo nenda kwa wauza vyuma chakavu na mafundi. Senti za tundu zilitumika kama washa kwenye paa za mabati na mikokoteni, zilitungwa kwenye uzi ili zisipotee, na zilishonwa kwenye mapambo. Nyingi za kwa mafundi zitakuwa zimepanuliwa tundu kwa msumari au zimepindwa, na hizo usinunue hata kwa bei ya bure, labda kama ni mwaka usioupata kwingine. Kwa ajili ya kumbukumbu, hata hivyo, moja iliyotoka kwenye paa la bati inafaa kuhifadhiwa kando, na maelezo yake.

Maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe Zanzibar na Mji wa Kale Mombasa yanazo, mara nyingi kwenye bakuli mlangoni. Bei ya bakuli imepangwa kwa mtalii. Usioneshe kwamba umeona herufi unayoitaka. Chagua kadhaa, iweke ile yako katikati, kisha uliza bei ya fungu. Muuzaji naye anajua mchezo huu, kwa hiyo isikutie aibu.

Walio Uingereza wana bahati yao. Maafisa, walowezi na askari walirudi na vijisarafu mifukoni, na leo vinauzwa kwenye visanduku vya sarafu mchanganyiko za dunia bila mtu kuvijali. Ukiwa na ndugu huko, mtumie orodha ya unazokosa, siyo ombi la jumla la "sarafu za zamani". Mtandaoni, tovuti ya wakusanyaji iitwayo Numista ina picha na orodha ya miaka bila malipo. Ukiona muuzaji ameandika KM na namba, hiyo ni namba ya katalogi inayotumiwa na wakusanyaji duniani, na itakusaidia kuhakikisha kwamba mnazungumzia kitu kimoja.

Habari ya Edward wa Nane, maana utaisikia sana

Edward aliurithi ufalme Januari 1936 na kuuacha Desemba mwaka huohuo ili amwoe Wallis Simpson. Huko Uingereza sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuingia sokoni, na chache zilizopo za majaribio zinauzwa kwa fedha nyingi mno. Ila sarafu za tundu za makoloni hazikuhitaji sura, zilihitaji jina tu, na jina lilikwishawekwa. Hivyo jina lake likatoka kwenye sarafu za Afrika Mashariki, Afrika Magharibi, Fiji na New Guinea, zikatumika kama kawaida.

Hapo ndipo utapeli unapoanzia. Muuzaji atakusimulia kisa cha mapenzi, atakuonyesha bei ya sarafu ya Uingereza kwenye simu, kisha atakutajia bei ya ajabu kwa senti kumi ya 1936. Kisa ni cha kweli na sarafu ni halali, lakini haina uadimu wowote. Zilitengenezwa nyingi mno, bila herufi, zenye H na zenye KN. Lazima uwe nayo, kwa sababu ni sarafu yenye hadithi nzuri kuliko zote kwenye ukurasa, lakini ilipie kama senti yoyote ya tundu yenye hali nzuri. Angalia pia kwamba 1936 ina George wa Tano vilevile. Soma jina kwanza, mwaka baadaye.

Iliyo adimu kweli ni ile isiyosimuliwa: senti za florini za 1920, nyeupe za kopa-nikeli (shaba iliyochanganywa na nikeli) na zenye herufi H. Mfumo wa florini ulipoachwa, nyingi zilirudishwa kuyeyushwa. Ukiletewa moja kwa bei ya kawaida, kuwa na shaka, kisha ipime na kuilinganisha na picha kabla ya kutoa pesa. Usiichanganye na zile nyeupe za kabla ya 1920, zilizotolewa kwa ajili ya himaya za Afrika Mashariki na Uganda, ambazo si ngumu sana kupatikana. Kati ya hizo, senti za alumini za 1907 na 1908 zilidumu kidogo tu. Alumini haikuhimili hali ya hewa yetu, na kuanzia 1909 senti moja ikawa ya kopa-nikeli.

Usisugue

Hapa nitakuwa mkali. Sarafu nyingi nzuri za pwani zimeharibiwa na watu walioipenda kazi hii kuliko walivyoijua. Ndimu na chumvi, ukwaju, majivu, siki, dawa ya meno, brashi ya waya: vyote hivyo vinaondoa ngozi ya juu ya brons. Asidi huiacha na rangi ya waridi isiyo ya asili, na vinavyokwaruza huacha mistari ambayo haitaondoka tena. Rangi ya kahawia iliyokolea ndiyo ngozi yake na ndiyo inayoilinda. Mkusanyaji mwenye uzoefu akiiona sarafu ya 1925 inang'aa kama mpya na pembe zake zimelika, anajua mara moja ilichofanyiwa, na bei inashuka.

Unachoruhusiwa ni hiki. Kwa udongo na uchafu wa kawaida, loweka kwenye maji safi yasiyo na madini. Madukani yanauzwa kama maji ya kuongezea betri. Hakikisha ni maji na siyo asidi ya betri, maana chupa zinafanana. Badilisha maji kila siku, acha uchafu ulainike, kisha ukaushe kwa kubonyeza kitambaa cha pamba bila kusugua. Kwa mafuta, nta au gundi, tumia asetoni halisi, nje ya nyumba na mbali na moto, kwenye chombo cha kioo. Ile ya kuondolea rangi ya kucha ina manukato na mafuta ndani yake, haifai. Mafuta ya nazi yanaifanya ipendeze siku ya kwanza tu, baadaye yanachacha na kukusanya vumbi.

Kutu ya kijani ina aina mbili, na kuzitofautisha ni muhimu kwa anayeishi karibu na bahari. Iliyo ngumu, isiyoparuza ukiigusa, imetulia na unaweza kuishi nayo. Iliyo unga, kijani cheupe, ambayo ukiifuta leo inarudi baada ya wiki chache, ni chumvi ya baharini inayoendelea kuila brons kutoka ndani. Itenge, iloweke kwenye maji yaleyale kwa wiki kadhaa ukibadilisha mara kwa mara, ikaushe kabisa, na iweke mahali pakavu. Ikirudi tena, kubali kuipoteza na tafuta nyingine. Ni senti, utaipata.

Kuhifadhi

Adui wa pwani ni unyevu, na adui wa kila mahali ni plastiki mbaya. Vile vifuko laini vinavyonuka kama pazia jipya la bafuni vina kemikali ambazo baada ya muda huacha utelezi wa kijani juu ya sarafu. Tafuta vikadi vya mraba vyenye dirisha la plastiki ngumu, ukikunja unabana kwa pini pande zote. Gandamiza ncha za pini kwa koleo zisikwaruze sarafu ya jirani. Juu ya kadi andika thamani, mwaka na herufi.

Weka kadi kwenye kisanduku kinachofunga vizuri pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na vibadilishe msimu wa masika. Usifunge sarafu kwa mpira wa kubania, kwani una salfa inayozitia weusi. Usiziweke kwenye droo ya mbao mbichi. Shika sarafu kwa ukingo, mikono ikiwa mikavu.

Daftari

Kila sarafu iwe na mstari wake: thamani, mwaka, herufi, jina la mtawala, hali yake, bei, siku uliyoipata, mahali, na nani aliyekupa. Safu ya mwisho acha pana kwa maneno ya mwenye nayo. Picha mbili za simu zinatosha, mwanga ukitoka ubavuni ili maandishi yaliyofifia yaonekane. Ukimaliza, tengeneza orodha fupi ya unazokosa na uiweke kwenye simu. Bila hiyo utanunua 1952 mara kwa mara hadi uchoke.

Kuhusu hali, usihangaike na madaraja ya kigeni mwanzoni. Angalia ncha za pembe za ndovu na taji lililo upande wa jina. Vikionekana kwa undani, ni nzuri. Pembe zikiwa zimebaki umbo tu, ni ya kawaida. Mwaka usiposomeka, mrudishie mwenyewe.

Wanaokuahidi mamilioni

Kuna ujumbe unaozunguka kila mwaka: fulani ananunua sarafu za zamani kwa mamilioni, tuma picha, kisha lipia kwanza ada ya usajili au ya cheti. Hakuna mnunuzi wa kweli anayemtoza muuzaji ada kabla ya kununua. Wengine husema sarafu ina zebaki au nguvu za kuvuta nafaka. Senti za brons ni shaba na madini mengine machache yaliyochanganywa nayo, basi. Jaribio la haraka la uhalali ni sumaku: brons hainati. Ikinata, ni chuma kilichopakwa rangi.

Na kuna sarafu ambazo hata ukipewa bure usizichukue. Vijisarafu vidogo vya shaba vya masultani wa Kilwa vinavyookotwa kwenye magofu ni mali ya kale inayolindwa kisheria, na kikishang'olewa ardhini bila kuandikwa kilipokuwa, wanaakiolojia wamepoteza habari isiyorudi. Ukikiona, piga picha mahali kilipo na uwajulishe watu wa mambo ya kale.

Ukimaliza zile 16

Utakuwa na zinazojirudia nyingi. Usiziuze, badilishana. Mkusanyaji wa Kampala ana za SA nyingi asizozihitaji, wa Mombasa ana za I. Mkikubaliana, tumeni orodha na picha kwanza, kisha bandikeni kadi kwenye karatasi ngumu ndani ya bahasha ili zisigongane njiani na zisionekane kwa kupapaswa.

Ukitaka kupanda ngazi, nenda kwenye shilingi ya simba. Hizo hadi 1946 zina robo ya fedha ndani yake, na za kuanzia 1948 ni kopa-nikeli. Au rudi nyuma kwenye hela za Mjerumani, yaani sarafu ndogo za chini ya rupia, zenye herufi A ya Berlin na J ya Hamburg, hadi ufikie hela ishirini ya 1916 yenye herufi T. Hiyo ilipigwa Tabora katikati ya vita, kwenye karakana ya reli, kwa shaba yoyote iliyopatikana. Imechapwa vibaya, na ukiinunua nunua kwa mtu unayemjua, anayekubali kurudishiwa.